Mgongo wa Mwimbaji

Simu ilipoita nilikuwa namwagilia mchicha nyuma ya nyumba yangu, hapa Kibaha. Alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi yetu. Akasema mwimbaji hakuamka. Nikamuuliza hakuamka namna gani, kama vile naulizia basi lililochelewa. Akanieleza kwamba jana alikula vizuri, akaswali, akalala, na alfajiri dada yake alipokwenda kumgongea mlango hakuitika. Nikasema sawa. Nikamalizia tuta lililobaki, nikarudisha ndoo mahali pake, nikaingia ndani kutafuta shati lenye vifungo vyote.

Wako watu ambao habari kama hiyo huwaangusha chini palepale, na sioni kosa lao. Mimi ilinijia kama ganzi ya mkono uliolaliwa. Mkono upo, unauona, unaweza kuushika kwa mkono wa pili, lakini wenyewe haukuambii kitu. Naeleza hili mapema ili usije ukashangaa huko mbele, nikisimulia ya kuchekesha bila kucheka na ya kuliza bila kulia. Kama yamekwisha kukukuta, unaelewa. Kama bado, usijilazimishe kuelewa. Soma tu, tutakwenda polepole.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, na ilikuwa ya muziki wa roki. Najua ukisikia bendi ya wazee wa Kibaha unafikiria rumba, tarumbeta na mashati ya kufanana. Hapana. Sisi tulikuwa wa magitaa yanayokoroma na dramu zinazopigwa kana kwamba zimemkosea mtu. Tulianza tukiwa vijana, kwa sababu mpiga solo alikuwa na redio kaseti na kaseti chache za Wazungu wenye nywele ndefu, na tukaendelea hadi uzeeni kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache.

Siku za kazi kila mtu alikuwa na yake. Mpiga solo, Mhaya mwenye miwani minene, alikuwa karani wa halmashauri. Mpiga dramu, Mnyamwezi wa Tabora, ni fundi wa magari pale Maili Moja mpaka leo. Mimi ni Mpare, nilifundisha fizikia sekondari, na kwenye bendi napiga besi. Mwimbaji ndiye pekee aliyekuwa mwenyeji wa mkoa huu, Mzaramo wa Mzenga kule Kisarawe, ambako alirudi kulima mihogo na mikorosho baada ya kustaafu kazi ya reli. Kila tulipokuwa na shughuli alikuja Kibaha akiwa na maiki yake mwenyewe mfukoni, maana alisema maiki ya watu wengi ni sawa na mswaki wa watu wengi.

Tulikutana gereji kwa mpiga dramu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye gari, pikapu ya zamani iliyozoea kubeba vyombo vyetu. Tulimkuta amekaa juu ya tairi, simu mkononi. Dada mkubwa wa mwimbaji alikuwa amempigia. Hakumpa pole wala hakungoja kupewa. Alimwambia maneno machache, naye akayarudia kwetu kama alivyoyasikia: "Mtani, maziko ni baada ya alasiri. Njoo ufanye kazi yako. Ndugu yangu hatoki kwenye uwanja huu kama mtu asiye na mtani."

Kwa kijana aliyekulia mjini, au msomaji wa mbali, nieleze kidogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu iliyotoka bara kuja pwani. Mtani anaruhusiwa kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na hupaswi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo inakwenda na kazi, na kazi yenyewe huja siku ya msiba. Wafiwa wanapolemewa, mtani ndiye anayeingia katikati na kuwachekesha. Anaweza kuvaa shati la marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akajilaza njiani ili jeneza lisipite. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani ni mlevi. Siyo. Ni mtu aliye zamuni. Na wazee wa Kizaramo wakiona msiba umekwisha bila mtani, hurudi nyumbani wakisema marehemu hakuwa na watu.

Kwa muda wote wa bendi, mpiga dramu na mwimbaji hawakuwahi kusalimiana kwa heshima. Mnyamwezi alimwita mwenzake mla mihogo. Mzaramo alimwita mpagazi, na kila walipokutana alimkabidhi begi lake bila kumtazama, naye kila mara alilipokea akilalamika mpaka alipolifikisha. Kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyekuwa na akiba ya maneno kwa ajili ya msiba huu, ni yeye.

"Sina hata neno moja," akatuambia. Akainuka kwenye tairi, akafuta mikono, akawasha gari.

Tulifuata barabara ya Morogoro hadi Mlandizi, nyuma ya malori ya makontena yanayokwenda bandari kavu ya Kwala, kisha tukakata kushoto kuingia barabara ya vumbi ya Mzenga. Tulikaa watatu mbele. Mpiga solo, ambaye ukarani haujamtoka, aliamua kwamba mwenzetu amesahau tu, na kwamba akikumbushwa moja moja, kwa utaratibu, yatamrudia.

Akaanza na la wigi. Enzi hizo mwimbaji aliamini kwamba mtu hawezi kuimba roki akiwa na kipara, na kipara kilimwanza mapema. Akanunua wigi la kike, jeusi, la kufika mabegani, akalivaa kwenye harusi moja katika ukumbi wenye dari fupi. Alipopanda juu ya kiti ili aimbe kiitikio, pangaboi likalinyakua. Halikulitupa. Liliendelea kuzunguka nalo juu ya vichwa vya maharusi, taratibu, maana umeme ulikuwa hafifu, na mwimbaji akaendelea kuimba huku akilifuata kwa macho kama mtu anayesubiri kuku wake ashuke juu ya paa. Hakuna aliyekwenda kulizima, kwa sababu wageni walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Bibi harusi alisimama kupiga makofi.

Mpiga dramu alisikiliza hadi mwisho, akabadilisha gia. Akasema hilo halichekeshi.

Hapo nikajua tuna tatizo. Hadithi ile ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeisimulia kila safari, na zamani akifika kwa bibi harusi ilimbidi aegeshe gari pembeni kwanza acheke.

Mpiga solo akaleta la kaseti. Wimbo wetu mkubwa tulijifunza kutoka kwenye kaseti ambayo redio ilikuwa imeitafuna mahali pamoja. Mkanda ulipofika pale, muziki uliruka. Neno lilianza, likakatika katikati, na kitu kingine kabisa kikaendelea. Sisi hatukujua kwamba ni mkanda. Tulidhani Wazungu ndivyo walivyotunga, na tukauheshimu utunzi wao. Tulifanyia mazoezi ule mruko tu, jioni baada ya jioni, mimi nikihesabu kwa mguu kama nilivyokuwa nawahesabia wanafunzi mawimbi, mpaka wote wanne tukawa tunatumbukia ndani ya lile shimo na kutokea ng'ambo kwa pamoja. Miaka mingi baadaye mtu akatusikilizisha wimbo uleule kwenye simu, ukiwa mzima. Mwimbaji akausikiliza kwa makini, akamrudishia simu yake, akamwambia kwa upole kwamba hao jamaa wamekosea. Tukaendelea kuupiga na shimo lake. Watu wa Kibaha walikwisha kuuzoea, na walipofika pale walisimama kidogo, mguu mmoja juu, halafu wakaendelea kucheza.

Mpiga dramu akasema hilo ni la sisi wenyewe, watu wa Mzenga watakuwa wanajiuliza kaseti ilikosa nini. Ilikuwa kweli.

La tatu lilikuwa la kiuno. Mwimbaji alikuwa na mruko wake wa ujanani, miguu yote miwili hewani, na kwenye sherehe ya kumuaga mtumishi mmoja aliyestaafu akaamua kuujaribu tena, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amestaafu. Aliruka vizuri. Kutua ndiko kulikoharibika. Kiuno kilikaza, akabaki ameinama mbele kama anatafuta sindano sakafuni, na kwa kuwa wimbo ulikuwa haujaisha akaumalizia hivyohivyo, akaimba na uliofuata, na ule wa baadaye. Vijana waliokuwa mbele wakaona ni staili mpya. Wakainama. Ukumbi wote ukacheza umeinama, na mtindo ule ulidumu Kibaha hadi mvua zilipoanza. Tulimpakia kwenye pikapu hii hii akiwa na umbo lilelile, na kule hospitali mpiga dramu alimwambia nesi asihangaike sana, huyu ni Mzaramo, ndivyo wanavyozaliwa ili wang'oe mihogo bila kuchoka.

Safari hii mpiga dramu aliongeza mwendo tu. Nilitaka kuongeza la kwangu nikakuta sina hamu. Mikorosho ilikuwa inapita dirishani na mimi nilikuwa naiangalia kama mtu aliyeagizwa aiangalie.

Mzenga tulikuta turubai limefungwa, wanaume wamekaa kwenye majamvi chini yake, wanawake upande wa jikoni na barazani. Marehemu alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, yumo chumbani mwake. Dada yake akatoka kutupokea. Ni mwanamke mrefu, mzito, aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu mwenye shughuli. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa pole mimi na mpiga solo, akaniita mwalimu, akauliza hali za nyumbani. Kisha akamgeukia mpiga dramu, akapaza sauti ili barazani wasikie.

"Begi lako liko wapi, mpagazi? Umetoka Tabora mikono mitupu?"

Wanawake wakanyamaza na kungoja. Kwa aliyezoea mambo haya, ule ulikuwa mlango umefunguliwa wazi. Alitakiwa ajibu kwa tusi lolote, hata la kizamani, hata lile la mihogo. Mpiga dramu akaondoa kofia, akasema, "Pole sana, dada."

Nitakupa mfano wa kazini kwetu. Mwimbaji akihesabu, moja, mbili, tatu, nne, na dramu isiingie, wasikilizaji hawajui kilichokosekana, lakini kila mmoja anahisi kama ameteleza kwenye ngazi. Ndivyo baraza lile lilivyokuwa. Dada akamtazama kidogo. Akamwambia mwanamke aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye aliita mtani na aliyekuja ni mgeni. Akaingia ndani.

Kwa haki kabisa, mpiga dramu alijaribu. Alikwenda kusimama mbele ya wanaume chini ya turubai, akaanza la wigi. Akasimulia ukumbi, akasimulia kiti, akafika kwenye pangaboi, na hapo sauti ikamwisha. Alisema likalichukua, akarudia kwamba likalichukua, akainua mkono juu kuonyesha, na mkono ukabaki huko juu. Watu walikuwa wamemkazia macho kwa nia njema. Mzee mmoja akakohoa ili kumsaidia. Mpiga dramu akashusha mkono, akarudi kukaa kati yetu, na kwa muda mrefu mazungumzo pale yakawa ni ya bei za mbolea.

Adhuhuri ikaswaliwa. Tukala ubwabwa na maharage, mimi nikala sahani nzima bila kujua ladha yake, na sikuona vibaya kuomba maji ya kunywa mara mbili. Imamu wa pale, mtu mpole, akaja kumweleza dada kwamba alasiri haiko mbali na kaburi liko tayari. Dada akamjibu kwamba yeye hazuii sala, anamsubiri mtu mmoja amalize kazi yake. Imamu akatutazama sisi watatu, akatingisha kichwa, akaenda zake. Alikuwa mwenyeji wa huko. Alijua.

Basi dada akatuita nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na mafiga mapana na majivu ya moto wa asubuhi. Alizungumza na mpiga dramu tu, lakini hakutufukuza.

"Nyumba hii umekuja kula miaka yote," akamwambia. "Ulipokuja mara ya kwanza ulisema mihogo yetu ina ladha ya sabuni, mama yangu alikuwa hai, akacheka mpaka akakaa chini. Leo nimekuita, unanipa pole. Pole nimepewa na kijiji kizima. Wewe una nini?"

Mpiga dramu akayaangalia yale majivu.

"Simwoni uso, dada," akasema. "Tangu asubuhi. Nimetaka kumwigiza, nikifumba macho nauona mgongo wake tu. Shati na mgongo. Uso haupo."

Nilivyomfahamu, najua ilimgharimu kusema vile mbele yetu. Huenda na wewe unafikiri ni kuchanganyikiwa, kwa hiyo nitakueleza, maana ni jambo la kawaida kabisa ukiliangalia jinsi bendi inavyosimama. Mwimbaji yuko mbele, anawatazama watu. Mimi na mpiga solo tuko pembeni, tunamwona shavu. Mpiga dramu amekaa nyuma ya wote, na mbele yake kuna mgongo. Miaka yote ya harusi na mahafali na sherehe za kuaga, kila wimbo, alikuwa akiutazama mgongo ule ili ajue afanye nini. Na wasipokuwa jukwaani walikaa kwenye pikapu, yeye akiendesha, macho barabarani. Walibishana maisha yao yote bila kutazamana. Yeyote angekaa pale angekuwa na picha ileile.

Dada hakuhitaji maelezo yangu. Akasema, "Uso ninao mimi. Nimemlea, nimemwogesha akiwa mdogo hivi. Nani kakwambia nataka uso? Leta hicho ulicho nacho."

Akaingia ndani, akatoka na koti la ngozi. Ninalijua sana koti lile. Mwimbaji aliimba nalo kwenye joto la pwani bila kulivua, na aliyekuwa akikaa karibu naye baada ya shughuli alihitaji moyo wa uvumilivu. Mpiga dramu akalivaa. Lilimbana mabegani. Akatembea hadi katikati ya uwanja, mahali ambapo wanaume wa chini ya turubai na wanawake wa barazani wote walikuwa wanaona, akasimama, akawapa mgongo.

Kwa kitambo hakufanya lolote. Nilianza kufikiri kwamba hii nayo itakwisha kama ile ya pangaboi. Kisha bega lake la kulia likashuka, taratibu, upande mmoja tu, na nikasikia mpiga solo akivuta pumzi pembeni yangu. Mwimbaji alishusha bega lile kila alipokuwa anasikiliza gitaa. Halafu mkono wa kushoto ukaja nyuma, ukaipandisha suruali, kwa sababu mtu yule hakuwahi kupata mkanda unaomtosha. Kisigino kikainuka. Mkono ukarudi tena nyuma, ukajikuna mahali ambapo mwimbaji wa roki asingependa kuonekana akijikuna. Barazani msichana mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

"Nyie mlikaa mbele," akasema mpiga dramu, bado amewapa mgongo. "Huko mbele mliona simba. Karibuni huku nilikokuwa nimekaa mimi."

Akanyoosha kidole nyuma ya kiuno, akakizungusha. Akawaeleza kwamba hiyo ni alama. Kidole kikizunguka, maana yake rudia kiitikio. Kiganja kikiangalia chini, shusha sauti. Ngumi, funga wimbo. Na akawauliza kama wanakumbuka siku ya harusi ya binti wa nyumba hii, mwimbaji aliporudia kiitikio mpaka watu wakalia, wakasema mtu huyu ana hisia. Wakaitikia kwamba wanakumbuka.

"Alikuwa amesahau maneno," akasema. "Ubeti wa pili wote. Kidole kinazunguka huku nyuma kama feni, jasho linamtoka, mimi narudia, yeye hakumbuki, mimi narudia. Nyie mnalia. Mla mihogo yuko mbele anaona mnalia, anafumba macho, anajifanya na yeye analia. Hakuna wimbo hata mmoja aliowahi kuujua mpaka mwisho. Mnyamwezi ndiye aliyekuwa anambeba. Kama kawaida yetu."

Dada ndiye aliyeanza. Alicheka kwa sauti nzito, mkono kwenye nguzo ya baraza, na akamwambia mtu kwamba hata madrasa alikuwa hivyohivyo, alikuwa akisahau anarudia mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Kisha wakacheka wote, wanaume na wanawake, vicheko vile vya msiba vinavyokuja na machozi bila mpangilio. Mpiga dramu akaendelea. Akaonyesha mgongo wa mwimbaji akiona sahani za pilau zinapita, mgongo wake akimwona mkewe wa zamani mlangoni, mgongo wake umeme ulipokatika Kisarawe mjini akaendelea kuimba gizani kwa kuwa hakutaka kukubali. Vyote kwa bega, kisigino na suruali. Hakugeuka hata mara moja.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa baraza. Sikuhisi kucheka wala kulia. Lakini kila kidole chake kilipozunguka, vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilikwenda vyenyewe juu ya paja, vikatafuta mahali pa kiitikio, vikarudia. Niliviangalia tu. Kama na wewe umewahi kuwa kwenye hali hiyo, usiogope ukiona mwili unafanya kazi ambayo moyo haujaripoti. Inatokea.

Alipokunja ngumi nyuma ya kiuno, vikaacha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Dada akawaambia wanaume kwamba sasa wanaweza. Jeneza likatolewa, limefunikwa kitambaa cha kijani, wabebaji wakaliinua wakaanza kulitoa kwenye uwanja kuelekea msikitini. Na mpiga dramu, kama kazi inavyotaka, akakimbia kabla yao na kukaa chini katikati ya njia, kati ya ukuta wa nyumba na shina la mfenesi, mahali pasipo na njia nyingine. Wabebaji wakasimama. Watu wakaanza kucheka tena, maana hili wanalijua. Mtani akikaa njiani hupewa kitu ili aondoke. Mpwa wa marehemu akakimbia bandani akaleta jogoo mzima, akampa. Mpiga dramu akampokea, akambana chini ya kwapa, akabaki amekaa.

Wakamwambia apishe.

"Akipita huyu," akasema, "mimi nitakuwa namtazama nani?"

Kicheko cha siku ile kilichozidi vyote kilikuwa hicho. Mzee aliyekohoa mchana alipiga paja lake. Ilikuwa imesemwa vizuri, kwa wakati wake, na jogoo chini ya kwapa. Kicheko kikapungua, kikaisha, naye alikuwa bado amekaa. Mpwa akamwambia tena, kwa heshima, mjomba tupishe. Hakusogea. Wabebaji wakabadilishana mabega. Hapo baadhi ya watu wakaanza kutazamana, kwa sababu utani una kipimo chake, na kipimo kilikuwa kimepita.

Mpiga solo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba twende tukamwinue. Nikasimama, lakini dada alikuwa ametangulia. Alipita kati ya watu, akafika pale, na badala ya kumkemea akajishika kiunoni, akashuka chini kidogo kidogo, akakaa kwenye vumbi kando yake, mbele ya jeneza la ndugu yake. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Umefanya kazi yako," akamwambia. "Nimekuona. Na yeye angekuona."

"Sijamaliza, dada."

"Haimalizwi hiyo." Akapanga kanga yake. "Haya, sasa niinue. Magoti yangu hayafanyi kazi tangu mwaka juzi. Umenikalisha chini mbele za watu, Mnyamwezi, na peke yangu siwezi. Niinue."

Mpiga dramu akamtazama. Kisha akainuka, kwanza goti moja, akajikung'uta, akajaribu kumvuta kwa mkono mmoja, lakini mwanamke yule ni mzito na mkono mmoja haukutosha. Ikabidi amwachie jogoo. Jogoo akakimbilia jikoni kwa kelele, wanawake wakamkwepa. Akamshika dada mikono yote miwili, akaegemea nyuma, akamvuta mpaka akasimama, na ili asianguke wakasogea pembeni pamoja, hatua mbili, hadi ukutani.

Njia ilikuwa wazi. Imamu akaashiria kwa kichwa, wabebaji wakapita. Dada alikuwa anatazama jeneza. Mpiga dramu alikuwa bado amemshika mikono, anamtazama yeye usoni, na lilipopita nyuma yake hakugeuka.

Mimi na mpiga solo tukaingia kwenye msururu. Huku kwetu Pwani haiulizwi dini ya bega, kila mwanamume hupokea akaenda kidogo akapokelewa. Zamu yangu ilipofika nikaweka bega langu. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko spika zetu. Nikaenda nalo mpaka mtu wa nyuma yangu aliponigusa mgongoni.